Gauni la Pazia

Watoto wa mtaa ule walimwita Shangazi, na watu wazima nao wakafuata, hata wale waliomzidi umri. Kwa haki alikuwa shangazi wa mtoto mmoja tu, binti wa kaka yake, msichana wa miaka sita aliyesema tangu anafumbua macho mpaka usingizi umkatie neno kinywani. Nyumba nzima ikampa jina la Chiriku, na jina lake la kuzaliwa likabaki la shule na zahanati.

Shangazi alikuwa amerudi kwa kaka yake baada ya ndoa kumshinda. Mumewe alitaka mtoto, mtoto hakuja, akaletwa mke mwingine, na yeye akaondoka na sanduku la nguo na cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Kaka yake, fundi baiskeli mwenye kibanda mwisho wa barabara, alimpa chumba cha uani akamwambia hapo ni kwao. Wala hakumsimanga hata siku moja.

Hakuwa fundi wa suti wala wa magauni ya harusi. Alishona nguo za watoto wadogo, na alizishona kutokana na vitu ambavyo wengine wangevifanya matambara ya kupigia deki. Shati la baba likiisha kola, mgongo wake bado mzima: hapo linapatikana gauni. Shuka iliyotoboka katikati ina kingo mbili imara zinazotosha kaptura na fulana. Watoto hakuwapima kwa futi, maana mtoto hatulii. Alimlaza chali juu ya kitambaa, akamchora kumzunguka kwa kipande cha sabuni huku mtoto akijinyonganyonga kwa kutekenyeka, kisha akaongeza upana wa vidole viwili kila upande. Alisema mtoto hukua nguo ikiwa bado chini ya sindano.

Mabaki yote yalikuwa mali ya Chiriku, au tuseme ya mdoli wake, aliyejazwa vitambaa vikuukuu na kutiwa macho ya vifungo visivyofanana, kimoja kikubwa cha koti, hivyo daima alionekana kama mtu aliyepewa habari asiyoiamini. Kila Chiriku alipopata gauni, mdoli alipata lake la kitambaa hichohicho. Nguo ya mdoli haina siri: kipande cha mstatili kinakunjwa, kinatobolewa tundu la kichwa, kinashonwa ubavu huku na ubavu huku, basi. Chiriku alikuwa ameanza kushona mapindo mwenyewe, mishono yake ikienda kama nyayo za mlevi, na kila mshono ulikuwa na hadithi yake, aliyokusimulia utake usitake.

Mama yake, yaani wifi yake Shangazi, hakuwa mtu wa maneno. Wawili hao hawakuwa maadui na hawakuwa mashoga; waliishi kama watu wanaochota kisima kimoja kwa zamu. Shangazi alijua kwamba wifi yake hapendi namna mtoto alivyomganda. Wifi hakusema kitu. Ila mara kwa mara, mtoto akiwa katikati ya hadithi karibu na cherehani, angemwita aje apange vyombo vilivyokwisha pangwa.

Siku moja mlinzi wa ofisi ya jirani alimletea Shangazi furushi la mapazia. Wakubwa walikuwa wanaweka mapya na hawakutaka kuyaona yale ya zamani. Kilikuwa kitambaa cha rangi ya dhahabu, chembamba, chepesi, ukikirusha kinakawia kutua. Shangazi hakuwa amewahi kushika kitu kama kile. Alikikagua, akakipiga pasi ya uvuguvugu kwa hadhari kubwa, akashona gauni la ngazi tatu za marinda, lenye mikono mipana iliyofunguka kama maua na mkanda wa kufunga nyuma. Mdoli naye akapata lake, na marinda yake.

Chiriku alipolivaa mara ya kwanza kujaribishwa alikosa la kusema. Baba yake, aliyekuwa amekuja kula chakula cha mchana, alicheka akasema nyumba imepata malkia na mfalme bado ana grisi kwenye kucha, akarudi kazini.

Wifi alikubali kwamba gauni ni zuri, na kwa sababu hiyo alitaka likae kabatini lingoje siku ya kutoka. Chiriku akaangua kilio. Shangazi akaingilia.

"Mwache avae, wifi. Nguo ya mtoto ukiiweka, unawawekea panya."

Wifi alimtazama yeye, akamtazama mtoto, akalegea. Alimfunga mtoto mkanda kwa mikono yake mwenyewe, akamwonya asiende kwenye matope, akatoka kwenda kubandika sufuria.

Jiko la mkaa lilikuwa palepale uani. Wifi aliingia ndani kufuata chumvi. Chiriku alichuchumaa karibu na jiko akimweleza mdoli jinsi maharage yanavyokuwa na kiburi, yanavyochelewa kuiva makusudi, akanyoosha mkono afunue kifuniko amwonyeshe. Shangazi, akiwa mlangoni pa chumba chake ameinamia mshono, alisikia maneno ya mtoto yamekatika. Aliinua kichwa akaona mkono wa gauni unawaka, na moto unayapanda marinda upesi kuliko mtu anavyoweza kuinuka.

Alimrukia. Alilishika gauni kwa viganja vyote viwili akalivuta, na kitambaa hakikuchanika. Kiliyeyuka. Kilishikamana na ngozi ya mtoto na ngozi yake mwenyewe, na kila alipovuta, mtoto alilia kwa sauti ambayo Shangazi hakuwahi kuisikia kwa kiumbe yeyote. Wifi alitoka na ndoo ya maji akawamwagia wote wawili, akakimbia kuleta nyingine. Mdoli alikuwa ameangukia pembeni mchangani, mzima, gauni lake halina hata doa.

Hospitalini mtoto alilazwa wodi ya walioungua. Upande wake wa kushoto wote, shingoni, kwapani, ubavuni mpaka kiunoni, ulikuwa umeliwa. Muuguzi aliuliza mtoto alikuwa amevaa nini. Alipojibiwa akaanza kuondoa vipande kwa kibano, kimoja kimoja, vigumu kama nta iliyoganda. Wifi alisimama miguuni pa kitanda akiwa ameushika unyayo wa mwanawe, kwa sababu hapo ndipo paliposhikika. Shangazi alikaa kwenye benchi nje ya mlango, viganja vyake vimefungwa bendeji, akisikia kila kipande kinavyotoka.

Kaka yake hakumgombeza. Alirudi nyumbani akaibeba cherehani, akaipeleka kibandani kwake, akaitupa nyuma ya rundo la tairi mbovu. Alimwambia dada yake kwamba hataki tena kuisikia sauti ya kile chombo ndani ya nyumba yake. Tangu siku hiyo alimpa salamu kwa kuwa salamu hainyimwi mtu, na alipokula alikipa mgongo chumba cha uani.

Mtaani maneno yakaanza. Bombani palikuwa na mwanamke waliyemwita Redio, kwa sababu taarifa zake zilianza alfajiri na betri yake haikuwahi kuisha. Redio alisema mwanamke asiye na mtoto akimshonea mtoto wa mwenzake gauni zuri kiasi kile, ujue ana lake moyoni. Alisema jicho la tasa ni kali kuliko mkaa. Wenzake walitikisa vichwa, na hakuna aliyebisha. Asubuhi moja wifi alifika bombani akitoka hospitalini, macho yamemvimba kwa kukesha, na maneno hayo yakiwa bado hewani. Aliitega ndoo, akafungulia maji, akangoja ijae.

"Aliyemfunga mkanda ni mimi," alisema. "Kama mnatafuta mchawi, anzeni na mimi."

Akajitwika ndoo akaondoka. Shangazi aliletewa habari hiyo na majirani zaidi ya mmoja, na kila mmoja alidhani anamletea faraja. Siku hiyo ndipo alipolia. Alijua wifi yake hakuyasema yale ili kumtetea. Aliyasema kwa sababu ndivyo alivyokuwa akijisemea mwenyewe kila siku kando ya kitanda cha mtoto.

Chiriku alirudishwa nyumbani makovu yakiwa bado mekundu, yamevimba, yamekaza kama kamba iliyolowa ikakaukia juani. Mkono wa kushoto haukuinuka kupita bega. Kila nguo ilikuwa adhabu: tundu la kichwa lilimkwaruza shingo, mshono ulimuuma kwapani, lastiki ilimkata kiunoni. Kutwa alikaa kitandani amefunikwa shuka, akijibu ndiyo na hapana, na baba yake, ambaye zamani alikuwa akimbembeleza anyamaze walau dakika moja ale kwa amani, sasa alikaa karibu naye akimuuliza maswali ya kipuuzi ili tu apate jibu refu. Hakulipata. Mama yake alijaribu kumpa mdoli. Mtoto akaliona lile gauni la dhahabu, akageukia ukutani.

Basi wifi akaja kupiga hodi chumba cha uani. Tangu siku ya moto hakuwa amekivuka kizingiti kile. Alikuwa na shuka kuukuu mkononi, ya pamba, iliyofuliwa mpaka imekuwa laini kama sikio la mbuzi.

"Mshonee kitu," alisema. "Kisimguse upande ule."

Shangazi alimwonyesha viganja vyake. Ngozi mpya ilikuwa imekaza, vidole havikunjiki sawasawa. Wifi alivitazama, akasema uzi atatunga yeye.

Shangazi akaipokea shuka. Alichomoa uzi mmoja kwenye upindo, akachukua kiberiti, akauwasha. Mikono ilifanya hivyo kwa mazoea tu, akili ikiwa bado iko nyuma. Uzi ukawaka, ukanuka kama karatasi inayoungua, ukaacha majivu yaliyopukutika.

"Unafanya nini?" wifi aliuliza.

Shangazi akamweleza kwamba ndivyo mshonaji anavyokijua kitambaa. Pamba huwa majivu. Vile vingine vya viwandani hujikunja, vikayeyuka, vikaacha tone gumu jeusi.

Wifi akaketi ukingoni mwa kitanda, taratibu, kama mwenye maumivu ya mgongo.

"Na lile pazia? Nalo ulilichoma?"

Shangazi angeweza kusema hapana. Muda wote ule watu walikuwa wamempa neno la kujifichia, hata Redio siku za huruma yake: hukujua, maskini, ungejuaje. Na kila mara alilipokea neno hilo kwa kuinamisha kichwa.

"Nililichoma," alisema.

"Likawaje?"

"Likawa tone."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilikuwa natafuta moto wa pasi, wifi. Nisije nikakiharibu kitambaa. Niliwaza gauni. Mtoto sikumwaza."

Wifi aliinuka akatoka. Shangazi alimsikia uani anasugua sufuria kwa mchanga, anasugua, anasugua, mpaka sauti ile ikamwingia kwenye meno. Kisha kimya. Alibaki ameipakata shuka, akingoja kaka yake aitwe. Alikuwa ameanza kufikiri sanduku lake liko wapi na atapiga hodi kwa nani. Wifi aliporudi macho yake yalikuwa makavu. Alichukua sindano juu ya meza, akalamba ncha ya uzi, akaupitisha.

"Mume wangu hatayasikia haya," alisema. "Akiyasikia atakufukuza, na mimi sina mwingine wa kumshonea mwanangu. Haya, shona."

"Wifi, nisamehe."

"Nimesema shona."

Lilishonwa kwa mkono, maana cherehani ilikuwa bado kibandani, nyuma ya tairi. Halikuwa na mkono wa kushoto. Upande huo ulikuwa wazi kuanzia kwapani hadi pindoni, na ulifungwa kwa tepe za shuka hiyohiyo, ili mtoto avikwe bila kuinua mkono wala kupitisha kitu kichwani. Mishono yote aliigeuza ikae nje, upande wa ndani ukabaki mtupu kama kiganja cha mtoto mchanga. Mshonaji mwingine angeona aibu kuitoa nguo hivyo. Vidole viliposhindwa kuisukuma sindano aliisukuma kwa mzizi wa kiganja, na ngozi ilipochanika alijifunga kitambaa damu isiguse kazi. Wifi alikaa siku hizo zote kwenye kigoda kando yake, akitunga uzi na kumkabidhi sindano. Hawakuzungumza lolote ila la kazi.

Kabla ya kumvisha mtoto walimshonea mdoli la aina ileile, ili mtoto aone linavyofungwa. Ilibidi kwanza mdoli avuliwe lile alilokuwa nalo. Wifi alilichana, akalibeba kwa ncha za vidole, akalitumbukiza chooni. Chiriku alimpokea mdoli aliyevaa shuka. Alifungua tepe moja. Akaifunga. Akazifungua zote, akazifunga tena, akichelewa kwenye kila fundo, na alasiri hiyo akakubali naye avikwe. Alitoka uani, akasimama juani kidogo, akarudi ndani kulala.

Baba yake alimwona amesimama pale. Alikwenda kibandani, na aliporudi alikuwa ameifunga cherehani nyuma ya baiskeli, ameifuta vumbi na kuitia mafuta, gurudumu lake linazunguka bila kelele. Aliitua mlangoni kwa dada yake.

"Dada, nimekukosea," alisema. "Hasira zilinipofusha. Wewe hukujua. Ungejua, usingemvalisha."

Shangazi alifungua kinywa. Nyuma ya kaka yake alikuwa amesimama wifi, sahani mikononi, akimtazama. Akakifunga kinywa. Kaka yake alimshika mabega, mwanaume mzima machozi yakimlenga, akamwambia yaishe, damu haikatiki kwa maji.

Yeye kwake yakaisha. Alianza tena kula akiwa amewaelekea wote, akarudia mizaha yake ya grisi, na mtu akimgusa dada yake kwa maneno bombani au barabarani alimjibu yeye mwenyewe, kwa sauti, kwamba dada yake hakujua. Kila alipolitaja neno hilo nyumbani, wanawake wawili walikuwa na kitu cha kutazama chini, kila mmoja upande wake. Mara moja, wakiwa wanaanika nguo, Shangazi alimwomba wifi amruhusu amwambie kaka yake ukweli, maana msamaha ule ulikuwa unamkaba.

"Unataka apige kelele ili wewe upate usingizi," wifi alisema. "Hapana. Kaa nao."

Akachukua kibanio kingine, akaendelea kuanika.

Daktari alikuwa amewaambia mapema: mwili unakua, kovu halikui nao. Kila Chiriku aliporefuka, ngozi ya ubavuni ilimvuta akainama upande kama mti uliopigwa na upepo, na ilibidi arudi kukatwa, achunwe ngozi ya paja, iwekwe pale. Kila aliporudi alihitaji gauni jingine, tepe zikae mahali pengine. Shangazi alishona. Wauguzi waliyaona, akina mama wa wodini wakayaulizia, akawashonea na watoto wao. Hakuna aliyemwona tena akishona marinda.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulitazamia. Chiriku hakuukumbuka moto. Alichokumbuka ni mikono ya shangazi yake. Alimwambia mama yake, bila hasira, kama mtu anayeeleza mvua ilinyesha, kwamba shangazi ndiye aliyemvua ngozi. Hakumchukia. Alimwamkia, na maneno yalipoanza kumrudia kidogo kidogo alikuja kumpa habari za shule akiwa amesimama mlangoni, miguu nje. Ila Shangazi akinyoosha mkono amwekee sawa hata tepe iliyolegea, mtoto alirudi nyuma mpaka ukuta umzuie, na usoni mwake paliingia kitu ambacho Shangazi alikiona mara moja tu, karibu na jiko. Baada ya hapo hakunyoosha tena mkono.

Kwa hiyo kumlaza juu ya kitambaa na kumchora kwa sabuni ikawa kazi ya mama yake, na kumjaribisha pia. Shangazi alisimama nje ya chumba, mlango umerudishwa, akiuliza.

"Shingoni pakoje, wifi?"

"Pazuri."

"Kwapani?"

Akasikia mtoto anaulizwa, na mtoto anajibu kwa sauti ndogo.

"Panabana," wifi alisema.

Mlango ukafunguka kiasi cha mkono kupita, gauni likatolewa. Shangazi alilipokea, akaketi kwenye kigoda uani, akatafuta mwanzo wa mshono wa kwapani, akaanza kuufumua.